Kimo cha Mwenyekiti

Usiku wa jana aliyeota si mimi, ni Mwenyekiti. Mimi ndoto zangu ni za kawaida, za kuchelewa safari na kupoteza kiatu. Hii nimepewa na mkewe, Bi Saumu, jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye akisimulia hapunguzi kitu isipokuwa yale yanayomhusu yeye.

Mwenyekiti ni Bwana Muhidini Chande, mwenyekiti wa Kamati ya Uwanja wa Sikukuu hapa kwetu Ras Mkunde. Uwanja wenyewe uko ufukweni, nyuma ya ghala la zamani la mbata. Kila Idi watoto hujaa pale na nguo zao mpya, wakala bisi na ubuyu, wakapanda farasi wa mbao, na wakishachoka na farasi wakaenda kwa Bi Kizunguzungu. Huyo ni bembea la gurudumu, la mbao tupu, refu kuliko paa la ghala, na halina mota. Linasukumwa na watu. Tangu enzi za babu zetu sheria yake ni moja: ukishapanda, ukishuka unasukuma, ili mwenzako naye apande. Hakuna tiketi inayokuokoa na hilo.

Wiki iliyopita tulitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba Kamati imeamua Bi Kizunguzungu akatwe, kupisha maendeleo. Maendeleo yenyewe ni mgahawa wa hoteli fulani, wageni wapate kuona bahari wakila. Tulipouliza ni nani hasa aliyeamua, tukaambiwa Kamati. Tukawaendea wajumbe mmoja mmoja majumbani kwao, na kila mmoja akasema ni Kamati, kana kwamba yeye huwa anaiona tu ikipita njiani. Nilikasirika, sifichi. Wanangu wote walilia kwa furaha juu ya bembea lile, na mimi kabla yao.

Basi Mwenyekiti akala chakula cha usiku bila kungoja daku, maana Ramadhani ilikuwa imeshatuaga, akalala, akaota.

Anaota ni asubuhi ya Idi na jua limeshapanda. Anafungua kabati la nguo atoe koti lake. Koti halipo. Mahali pa koti pana mchanga, na mbele ya mchanga pana lango la uwanja. Hashangai. Anaingia kabatini na kufunga mlango nyuma yake, mbu wasije wakatoka.

Langoni, banda la tiketi linamtazama kwa kidirisha chake.

"Umekuja kufanya nini?" linauliza.

"Kukagua," anajibu Mwenyekiti.

"Kukagua hakuna hapa. Kuna kupanda, kuna kusukuma, na kuna kula bisi."

Kando ya banda kuna nguzo yenye mstari mwekundu, na juu ya mstari pameandikwa: ALIYE CHINI YA MSTARI HUU HAPANDI. Mwenyekiti anasimama pale kwa kujiamini, kwa sababu mstari unamgusa kifuani, na ni muda mrefu hajapata mtihani mwepesi kama huo. Banda linaridhika. Kisha linamuuliza, kwa sauti ya kutaka kujua tu, ni nani aliyesema Bi Kizunguzungu akatwe.

"Kamati imeamua," akajibu, kwa wepesi wa mtu anayeitikia salamu.

Akashuka. Hakuanguka wala hakuinama. Alishuka tu, unene wa kidole, na viatu vikalegea miguuni. Akadhani ni mchanga uliotitia, akajivuta mbele. Banda likafunga kidirisha chake kwa adabu, kama watu wanavyogeuza uso mtu anapotatizika na vazi hadharani.

Ndani ya uwanja farasi wa mbao wamepanga foleni. Mwenyekiti anawauliza wanangoja nini. Wanamwambia wanangoja mgeni rasmi, wamezoea, kila sikukuu wanamngoja mpaka watoto wanasinzia. Aliye mbele ni farasi mnene kupita kiasi, buluu, hana mkia.

"Mbona umenenepa hivyo?" anauliza Mwenyekiti.

"Ni rangi," anasema farasi. "Mguu wangu wa nyuma ulipovunjika, wewe ulileta kopo la rangi, mguu ukapakwa. Mkia ulipoanguka, pakapakwa rangi pale ulipokuwa. Nilipoliwa na mchwa, hata mchwa wenyewe walipakwa rangi. Ndani ya hii rangi mimi ni farasi mdogo sana, naweza kulala kwenye kiganja chako."

Mwenyekiti akamwekea mkono shingoni, kwa ule upole wa mbele ya kamera, akamwambia kwamba suala lake limepokelewa na lipo kwenye mchakato.

Akashuka tena. Safari hii alisikia, maana mikono ya shati ilimfunika vidole. Farasi akainama kumtazama, na farasi wa mbao hawana kawaida ya kuwatazama watu kutoka juu.

"Kumbe na wewe unapungua," akasema. "Afadhali mimi, kupungua kwangu kumepakwa rangi, hakuonekani."

Hapo Mwenyekiti akaanza kuogopa. Akasema jambo hili lazima lifikishwe mbele ya Kamati upesi. Farasi wote wakageuka kwa pamoja wakamwonyesha nyumba ya vioo.

Nyumba ya vioo ya Ras Mkunde, kwa asiyeijua, ni banda la mabati ambamo unaingia mwembamba ukajiona mnene, ukacheka, ukatoka. Mwenyekiti anainama kuingia, kisha anaona hana haja ya kuinama. Ndani hakuna vioo. Ndani ni chumba cha mikutano. Kuna meza ndefu yenye kitambaa mpaka chini, maua ya plastiki, chupa za maji, na feni inayozunguka bila kupuliza. Kuna viti saba. Kwenye kila kiti kuna koti.

Hapa niwakumbushe desturi yetu. Mtu wa ofisi akifika asubuhi huvua koti akalitundika kwenye kiti, kisha huyoo, shambani kwake, dukani kwake, arusini kwa shemeji yake. Ukija ukauliza kama yupo, unaambiwa yupo, koti lake lile pale. Nawe unakaa kwenye benchi unalingoja koti mpaka adhuhuri. Mimi nimeshawahi kulingoja koti siku nzima, nikaliaga.

Basi makoti yale yalikuwa kikaoni. Mwenyekiti aliyatambua. Lile la mirabaraba ni la Mweka Hazina, lile lililochanika kwapa ni la Katibu. Na katikati, kwenye kiti kirefu, lilikaa koti la kijivu lenye kalamu mfukoni. Lilikuwa ndilo linaloendesha kikao.

"Ajenda ya pili ni bembea," likasema koti la kijivu. Sauti ilikuwa ya Mwenyekiti mwenyewe, ila haikohoi. "Wanaoafiki likatwe?"

Makoti yakainua mikono yao mitupu.

"Wasioafiki?"

Mkono mmoja ulitikisika, lakini ilikuwa ni feni.

"Imepita," likasema koti. "Tunywe maji."

Hakuna aliyekunywa. Mwenyekiti akasogea mpaka ukingoni mwa meza, akasimama kwa ncha za vidole ili aonekane, akasema lile koti la katikati ni lake.

"Wasio wajumbe wanakaa nyuma," likasema koti bila kumtazama.

"Mimi si mtu wa nyuma. Mimi ndiye Mwenyekiti."

"Mwenyekiti yupo," makoti mengine yakajibu kwa pamoja, kwa utaratibu, kama karani wa mapokezi. "Koti lake hili hapa."

Bi Saumu ananiambia mumewe alipofika hapo katika kusimulia, alishika shavu. Alisema aliona aibu ambayo hajawahi kuiona hata siku aliyokosea dua mbele ya Kadhi. Lakini ndani ya ndoto hakukaa na aibu hiyo sana. Alirukia mkono wa koti lake alivute chini, mkono ukateleza, meza ikaondoka, na kitako chake kikatua kwenye ubao unaonuka sabuni.

Yuko ndani ya kisanduku cha Bi Kizunguzungu, na kisanduku kinapanda.

"Karibu, mwanangu," anasema Bi Kizunguzungu. Sauti yake inatoka kwenye ekseli na inakwaruza. "Kaa vizuri. Huo ubao ulikuwa kreti la sabuni, usiukwangue."

Mwenyekiti anamwamkia, kwa sababu hata ndotoni mtu ana malezi. Anamuuliza nani aliyemruhusu apande, maana sasa hajui kama bado anaufikia mstari mwekundu. Bi Kizunguzungu anasema huko chini alipopita hakuna aliyempima, wanaosukuma walimwona mdogo wakamwonea huruma.

Na kisanduku kikipanda, Bi Kizunguzungu anamsimulia habari zake, kama bibi anavyomsimulia mtu aliyekuja kuazima tu mbuzi ya kukunia nazi. Anasema alijengwa na ndugu wawili waliokuwa mafundi wa samadari, vile vitanda vya nakshi, ndiyo maana vipini vyake vimechongwa maua mahali ambapo hakuna anayeyaona. Ekseli yake ni ya lori la kubeba mbata lililokufa njiani na dereva wake akakataa kuliacha. Mwaka wa kwanza alisukumwa na mahamali wa bandarini, siku yao ya mapumziko, na waliimba, na wimbo ukiisha zamu imeisha. Mtoto aliyetaka zamu ndefu alijifunza kuwatungia wimbo mrefu. Ndoa ngapi zilianzia humu juu, hajui, lakini anajua mbili zilizovunjikia humu, na zote mbili zilikuwa za haki.

"Na wageni rasmi je?" anauliza Mwenyekiti, kwa sababu alitaka kujua historia inamwekaje yeye.

"Nimewabeba wote. Hakuna hata mmoja aliyeshuka akasukuma. Walishuka wakahutubia."

Alipomaliza kusema hivyo, kisanduku kilikuwa kimefika juu kabisa, gurudumu likasimama.

Huko juu kuna upepo. Mwenyekiti anaona mji wote, msikiti, soko, paa la nyumba yake lililotoboka ambalo alimwambia Bi Saumu lilishazibwa. Anaona bahari imejivuta mbali na ufuko, na kuketi huko ng'ambo kama mtu aliyekataa kushiriki. Hakuna mtu chini. Anaomba ateremshwe.

"Wa kunisukuma nani?" anauliza Bi Kizunguzungu. "Niliowabeba zamani wamekufikisha hapa, wamechoka, wameenda kusali. Zamu iliyobaki ni ya aliyepanda mwisho, na aliyepanda mwisho ni wewe, na wewe uko juu."

"Sasa itakuwaje?"

"Nikipata jibu la swali langu nitajisukuma mwenyewe, nguvu hizo ninazo kidogo. Nani kasema nikatwe?"

Mwenyekiti akasema Kamati. Akashuka kimo, na miguu yake ikaacha kugusa sakafu ya kisanduku. Akasema basi ni taratibu. Akashuka tena, kola ya shati ikamfika masikioni. Akasema, kwa sauti ya kunong'ona, kwamba hayo ni maagizo kutoka ngazi za juu.

Ngazi ikateremka kutoka mawinguni, ya mbao, ikasimama mbele ya pua yake. Akatazama juu, akatazama sana. Hakukuwa na mtu hata kwenye kipandio kimoja. Kulikuwa na koti limeanikwa, basi.

Ngazi ikapandishwa. Naye alipogeuka kushika mti wa kujikingia, ule unaolazwa mbele ya tumbo mtoto asianguke, akaona umemfika juu ya kichwa. Kwa kimo alichobaki nacho angeweza kupita chini yake bila kugusa popote. Upepo ukamsogeza. Kitako kikateleza mpaka ukingo wa ubao wa sabuni, na viatu vyote viwili vikatangulia, akavisikia vikianguka kwa muda mrefu.

Hapo akalia. Alilia kwa sauti, kwa jinsi watoto wanavyolia juu ya bembea lile, bila kuangalia nani anasikia.

"Ni mimi," akasema. "Nilisema mimi."

Bi Kizunguzungu hakutikisika.

"Kwa sababu gani?"

"Waliniahidi jiwe la ufunguzi. La marumaru, ukutani, na jina langu limechongwa. Nilitaka watu wakienda kula walisome."

"Basi?"

"Basi."

"Hebu tazama hapo ulipokalia," akasema Bi Kizunguzungu. Mwenyekiti akatazama. Ubao wote, juu, chini na ubavuni, ulikuwa umekwaruzwa majina kwa misumari na kwa meno ya vitana, majina ya watoto wa Ras Mkunde, wazima na waliokwisha kufa, na kati yao hakukuwa na jina la mgeni rasmi hata mmoja.

Gurudumu likaanza kuteremka polepole. Lilipofika chini Mwenyekiti hakungoja kuambiwa. Akatoka, akaweka bega kwenye mti wa gurudumu, na kwa udogo wake ule akasukuma. Mti ulikuwa na joto la jua. Anasema gurudumu lilienda, na kwamba alifurahi, alifurahi hasa, na hajui ni miaka mingapi tangu alipofanya kitu na kukiona kikienda.

"Na kimo changu, bibi?" akauliza akihema.

"Kimo utakidai huko ulikokipotezea," akajibiwa. "Amka, watu wanaoga."

Akaamka. Bi Saumu alikuwa amesimama kando ya kitanda na kanzu ya Idi mkononi, mpya, anamwambia sala itampita. Akaenda kuoga. Akarudi akavaa kanzu. Kanzu hiyo aliijaribu kwa fundi juzi mbele ya mkewe, ikakaa sawasawa kwenye vifundo vya miguu, na fundi alisifiwa. Sasa ilikuwa inafagia sakafu.

Bi Saumu akapiga magoti akaishika pindo, akaipima kwa vidole, akamsema fundi vizuri tu. Mwenyekiti hakumtetea fundi wala hakumlaumu. Alikwenda kusimama mlangoni, pale kichwa chake hugonga fremu kila asubuhi, akapita bila kugonga. Akarudi akapita tena.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Kijangwa, mkata mbao, yuko uwanjani na msumeno wake wa petroli. Alisema ameambiwa aanze mapema, watoto wakiwa bado msikitini, wasije wakaona. Alitaka tu kuhakikisha.

"Usikate," akasema Mwenyekiti.

"Nani kasema?"

Mdomo una mazoea yake. "Kamati ime..." akaanza, na Bi Saumu, ambaye bado alikuwa chini na pindo mkononi, aliona kanzu ikiteremka mbele ya macho yake ikajikunja sakafuni miguuni pa mumewe. Akaiachia kama kaa la moto. Mwenyekiti naye aliona. Wakatazamana.

"Mimi," akasema kwenye simu. "Nimesema mimi."

"Wewe nani?"

"Muhidini Chande."

"Ndiyo nani huyo?"

Bi Saumu anasema mumewe alifumba macho kabla ya kujibu. "Mwenyekiti."

"Aa, Mwenyekiti," akasema Kijangwa, na akacheka kidogo, kwa heshima. "Sasa Mwenyekiti si ndiye aliyesema tukate? Mimi simjui Chande, mzee wangu, nawajua Kamati. Kama wewe ni mtu na umesema, njoo usimame hapa nikuone. Ninakunywa chai. Nikimaliza kikombe naanza."

Simu ikakatika. Mwenyekiti hakutafuta viatu wala kofia. Alikusanya kanzu kwa mikono miwili mpaka magotini, akatoka mbio.

Mimi nilikuwa nafagia kibaraza changu, miwani imebaki ndani. Nikaona kitu kifupi cheupe kinapita kasi, pekupeku, kinaelekea ufukweni, na Bi Saumu nyuma yake kashika jozi ya viatu. Nikamuuliza ni mtoto wa nani yule, asiye na adabu, anakimbilia bembea hata sala ya Idi haijasaliwa.

"Wangu," akasema Bi Saumu, na hakusimama.